Usishuke Pugu

Temeke,
jioni ya kuamkia siku ya treni

Mwanangu Lusia,

Salamu sikuandikii. Uko upande wa pili wa ukuta huu unapiga pasi magauni, na mkaa wa pasi yako nausikia ukipasuka. Asubuhi uliniamkia, nikaitikia, na tangu hapo hatujasemezana la maana. Hayo ya maana nayaandika, kwa sababu nikifungua mdomo mbele yako nitagomba, na sitaki kukuaga kwa kugomba.

Barua hii nitaitia ndani ya kikapu chako cha chakula, juu kabisa ya vitumbua, ili usiweze kula kabla hujaiona. Nakujua. Treni haijatoka mjini vizuri utakuwa umeshafunua kikapu. Ndivyo ninavyotaka. Nataka uwe umeisoma hadi mwisho kabla ya stesheni ya Pugu.

Habari za ufunguo wa sanduku, za kutolala dirisha likiwa wazi na za kutonunua nyama njiani, mama yako keshakwambia, na ataendelea kukwambia mpaka filimbi ipulizwe. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni gia ya pikipiki. Utacheka. Baba mzima, binti yake anakwenda Tabora kusomea uuguzi, naye anamwandikia habari za gia! Cheka, lakini soma.

Pikipiki yenyewe unajua ilivyoingia nyumbani kwetu. Yule Mzungu wa kilimo aliniachia alipokuwa anarudi kwao, nayo ilikuwa imeshazeeka, ya kabla ya vita, ile ya kubadilisha gia kwa mkono pembeni mwa tangi wakati za wenzetu zote zinabadilishwa kwa mguu. Kwa pikipiki hiyo nimekuwa Bwana Afya wa huku kwetu, Temeke, Chang'ombe, Mtoni, mpaka Mbagala na mashamba ya mbele yake. Nimefunua mitungi ya watu, nimechungulia vyoo vya watu, nimemwaga maji yenye viluwiluwi vya mbu mbele ya wenyewe walioyachota kwa shida. Nimetukanwa sana. Kazi yangu ilikuwa kumwonyesha mtu kitu kilichomo ndani ya mtungi wake mwenyewe, kitu ambacho anapita nacho kila siku na hakioni. Nilikuwa nawashangaa watu hao. Nilikuwa nasema moyoni, hawa wana macho kweli?

Mwaka jana, masika yalipokwisha, gia ikaanza ugumu. Nikadhani ni kutu ya mvua. Nikailoweka kwa mafuta ya taa. Nikaifungua nati, nikautoa ule mkono wa gia, nikausugua kwa msasa, nikapaka grisi mpaka khanga ya mama yako ikapata sehemu yake. Nikakaza springi, nikalegeza springi. Siku nyingine inaingia, siku nyingine haiingii. Niliitukana mpaka nikaona haya. Unakumbuka siku niliyochechemea nikasema nimejikwaa kizingitini? Sikujikwaa. Niliipiga teke.

Nikaipeleka Chang'ombe kwa fundi Abdala. Akachuchumaa, akaivuta gia mara moja, kisha akaniambia niivute mimi. Nikavuta, ikagoma. Akanitazama, akaitazama pikipiki, akasema, "Niachie mpaka kesho, Bwana Afya." Kesho yake nikaikuta inang'aa. Nikavuta, ikagoma vile vile. "Chuma cha zamani hiki," akasema, "kina kiburi. Kitazoea." Nikamrudia tena na tena. Kila mara anaifungua, anaisafisha, anaifunga, na kila mara mimi naondoka na hasira. Sokoni nilimtangaza kwamba ni fundi wa kubahatisha, kwamba hata pampu ya baiskeli usimpe. Nilisema hivyo mbele ya watu wanaomjua na wanaonijua.

Ndipo wewe, ambaye ulikuwa umemaliza shule na unangoja nafasi, ukasema, "Baba, mie nitakaa nyuma nikuvutie, mpaka fundi aipatie." Ukakaa upande, kopo la mafuta ya mbu mapajani, mkono wako wa kulia ukapita chini ya kwapa langu mpaka kwenye gia. Mimi nabana klachi, nasema "haya", unavuta. Nasema "rudi", unasukuma. Mwanzoni tulikuwa tunakwaruza meno ya gia mpaka mbwa wanakimbia. Baada ya muda hukungoja tena niseme. Ulikuwa unasikia injini inavyolalamika, na gia imeshaingia kabla ulimi wangu haujanyanyuka. Watoto wa Temeke walitufanya mchezo, wanatufuata wakipiga kelele, "Haya! Rudi! Haya! Rudi!" Mama yako alisema tunamtia aibu. Wewe ulikuwa unawapungia mkono kama gavana.

Nitakwambia kitu ambacho sijakwambia. Ule ulikuwa mwaka mzuri kuliko yote niliyofanya kazi hii. Kule shambani nyuma ya Mbagala, siku ile tulipomkuta mama na mtoto anayetetemeka kwa homa, mimi nilianza kuuliza habari za mtungi na chanzo cha maji. Wewe ulikuwa umeshamchukua mtoto, umeshamvua nguo, unamfuta kwa kitambaa cha maji, na mama mwenyewe amekaa chini anapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Nilisimama na kalamu yangu mkononi nikaona kwamba huyu si wa kuvuta gia. Nikaona, kisha nikanyamaza, kwa sababu bado ilikuwa lazima turudi nyumbani, na kurudi bila wewe nisingeweza.

Siku uliyolala na homa nilikwenda peke yangu. Nilirudi na suruali imechanika na goti linavuja damu, nikawaambia kwamba pale Mtoni mbuzi alikatiza mbele yangu. Mama yako alilifunga goti akauliza, "Mbuzi wa nani?" Nikasema sikumuuliza. Mkatazamana. Nilidhani mnanihurumia goti.

Hapakuwa na mbuzi, Lusia. Nilikuwa napanda kile kilima baada ya daraja. Pikipiki ikaishiwa nguvu, nikataka kurudisha gia, na vidole havikufunga. Nikainama nione kuna nini, na kuinama huko huko mtaro ukanipokea. Lori la korosho likapita karibu na kichwa changu, dereva hakusimama hata kunitukana. Nilipoinuka, nilichofanya ni kuilaumu gia.

Sasa Jumatatu hii. Wewe na mama yako mlikwenda mjini kununua kitambaa cha mashuka. Nilikuwa nimekaa barazani, pikipiki imesimama kwenye stendi yake mbele yangu. Mama Fatuma jirani akaja na kikapu cha mihogo.

"Hodi, Bwana Afya. Wenyewe wapo? Nimewaletea mihogo kidogo, msafiri apate kula."

Akakitua kikapu juu ya tangi kana kwamba ni meza ya kwao. Kikapu kikateleza, mkono wake ukanasa kwenye gia, na gia ikaingia. Klak. Mara moja, bila ubishi.

"Uwii! Nimeharibu?"

"Hujaharibu. Hebu irudishe."

"Mie nitaijulia wapi pikipiki?"

"Isukume tu na kidole."

Akaisukuma kwa kidole kimoja, tena kile chenye hina ya harusi ya juzi, huku amegeuza uso kana kwamba inaweza kumng'ata. Ikarudi.

Alipokwenda zake nikajaribu mimi. Kwa mkono wa kulia, haikuja. Nikazunguka upande wa pili, nikalala juu ya tangi, nikajaribu kwa wa kushoto. Ikaja. Nikarudia. Kulia haiji, kushoto inakuja. Nikakiweka kiganja changu cha kulia juu ya kiti cha pikipiki nikakitazama kama ninavyotazama mtungi wa mtu. Kati ya kidole gumba na shahada nyama imeshuka, pamekuwa na shimo. Vidole viwili vya mwisho vimejikunja vyenyewe. Nikavibana kwa meno, sikusikia. Sijui ni tangu lini. Kuzungusha gesi nilikuwa naweza kwa kiganja, kalamu nashika kwa hivi viwili vya mbele, kula nakula. Nilichokuwa siwezi ni kushika kitu na kukivuta, na katika siku yangu nzima kitu pekee cha kushika na kuvuta kilikuwa gia. Basi nikasema gia ni ngumu, na nikalisema hilo mwaka mzima.

Niliogopa, mwanangu. Niliogopa mpaka nikaenda kuinywea maji hofu yenyewe, na kikombe nikakishika kwa mikono miwili.

Nikaenda Chang'ombe kwa miguu. Nikamkuta fundi Abdala amelala chini ya lori. Nikamngoja atoke.

"Fundi, gia yangu ina nini?"

Akafuta mikono kwa kitambaa, akaifuta hata palipokuwa pamekwisha takata. "Haina kitu."

"Tangu lini haina kitu?"

"Tangu siku ya kwanza. Mie nilikuwaga naifungua, naisafisha, naifunga. Ningekwambiaje, Bwana Afya? Mtu mzima mwenzangu, kazi yako ndiyo hiyo. Nisimame hapa mbele za watu nikwambie mkono wako umekufa?"

"Nami nimekutangaza soko zima kwamba hujui kazi."

"Nilisikia," akasema. "Nikaona bora iwe mie sijui kazi."

Halafu akanipa la pili, nalo lilimtoka kwa shida kuliko la kwanza. "Binti yako alikuja siku ile ile ya kwanza, jioni. Alikuwa keshajua. Akaniomba nisikwambie. Na juzi kaja tena. Kaniomba siku ya treni nimngojee Pugu na baiskeli, nimbebee sanduku. Atapanda mjini ili mumwone kapanda, mfurahi, kisha Pugu atashuka. Anasema baba hana wa kumvutia gia."

Palikuwa na tairi la lori pale chini. Nikalikalia, nikalia. Fundi akanigeuzia mgongo, akajifanya anatafuta spana ambayo ilikuwa mfukoni mwake.

Nyumbani nikamuuliza mama yako. Naye ananijibu, "Mie nilidhani unajua, Baba Lusia, ila hutaki sie tuseme." Hilo la Pugu sikumwambia. Sijui kama analijua pia, na nimechoka kugundua mambo.

Kwa hiyo mwaka mzima mlikuwa mmenifunika shuka, ninyi watatu, kila mmoja kashika ncha yake. Nakushukuru. Nasema kwa moyo wangu wote, nakushukuru. Na pia nimekasirika, ndiyo sababu hizi siku mbili tatu umeniona nanuna ukadhani ni huzuni ya safari. Nilikuwa najiona baba anayemchukua binti yake kazini amwonyeshe dunia. Kumbe binti ndiye aliyekuwa amenichukua.

Huko uendako utakutana na mzee atakayekwambia kikombe chenu cha hospitali ni kizito, au kijiko kimekaa vibaya, au blanketi lina mafundo. Usimcheke, na usimbishie. Mshikie kikombe anywe, kama ulivyonishikia mimi gia. Lakini siku moja, mkiwa wawili tu, mwambie. Atakasirika. Mwambie hivyo hivyo. Mimi ningependa kuambiwa na wewe kuliko kuambiwa na kikapu cha mihogo.

Jana nilikwenda kuuonyesha mkono. Daktari alinichoma sindano hapa na pale, nimefumba macho, ananiuliza kama nasikia. Kuna mahali sikusikia hata kidogo. Akasema ni mshipa, huenda ukaamka, huenda usiamke. Dawa hakunipa. Kazini nako sijui. Nitamwomba mkubwa wangu anipe kazi ya kutembea kwa miguu hapa hapa Temeke. Anaweza kukubali, anaweza kuniambia nikapumzike. Sina hila yoyote niliyoificha, na sitaki uende ukidhani baba keshapanga mambo. Sijapanga. Sijui tutafanyaje. Nimekaa na jambo hili tangu Jumatatu nikiligeuza huku na huku, na kila nikiligeuza linabaki lile lile.

Najua tu kwamba jibu lake si wewe kushuka Pugu.

Nilitaka kukuahidi kwamba sitaipanda tena pikipiki. Nikaanza kuiandika ahadi hiyo, nikaona uso wako unavyokuwa. Ungesema, nani huyu anayeahidi, yule baba wa mbuzi wa Mtoni? Ni kweli. Kuna asubuhi nitaamka najisikia mzima, Mbagala wamesema watoto wanaharisha, na nitaiwasha. Unanijua. Na najua kwamba hicho ndicho kinachokushusha Pugu, zaidi hata ya kazi yangu. Unaniona mtaroni.

Basi leo mchana, ulipokwenda kuaga kanisani, nimeufungua ule mkono wa gia. Nimeufungua mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Fundi angemaliza kabla hajakohoa, lakini nilitaka iwe mimi. Spana ilikuwa inateleza, nimejichubua vidole, na vile vya kulia vimechubuka bila kunipa habari, nikaona damu tu. Pini ikaanguka mchangani, kuku wa mama yako akaidonoa, akaikataa. Mwishowe ukatoka. Nimeufuta grisi, nimeuzungushia gazeti na kipande cha shuka ya zamani, na uko chini ya vitumbua. Ukishangaa kwa nini kikapu ni kizito, si vitumbua, ingawa vya mama yako navyo tunavijua.

Bila hicho kipande pikipiki haiendi kwa mtu yeyote. Haiendi kwangu, haiendi kwa fundi, na ukirudi haitakwenda kwako. Fundi anasema kingine kama hicho hakipatikani tena. Nimeisogeza pikipiki ukutani. Kuku mmoja ameshaanza kuitazama kwa nia ya kutaga.

Fundi Abdala nimemwomba asije Pugu. Amekataa. Anasema alikupa neno lake, na akikukosa atarudi mtupu na atafurahi, lakini hawezi kumwacha binti wa watu stesheni peke yake na sanduku. Nimebishana naye mpaka jasho limenitoka, nikashindwa. Kwa hiyo atakuwepo, na baiskeli yake. Utamwona dirishani. Mpungie mkono.

Nami sina la kufanya zaidi. Nitakuwa nimebaki mjini stesheni na wewe uko ndani ya behewa, nani atakushikia mlango? Ukishuka, utatuona jioni tumekaa barazani, nitakupokea sanduku kwa mkono wa kushoto, tutakula hiyo mihogo, na sitakugombeza mbele ya mama yako wala nyuma yake. Wewe ni mwanangu, sikufukuzi nyumbani. Lakini kila nitakapokutazama nitaona kwamba mkono wangu ulipokufa ulikufa na wako. Hilo sitaliweza, Lusia. Mkono peke yake nitauzoea.

Mama yako ameleta taa, na anauliza ninaandika nini tangu alasiri. Nimemwambia ripoti ya mbu. Mwandiko unauona ulivyo. Mwanzoni ulikuwa mzuri.

Usishuke Pugu. Treni ikisimama, kaa, kamata kikapu, mwangalie fundi Abdala na baiskeli yake mpaka abaki nyuma.

Ukifika usijisumbue na barua ndefu, mtakuwa na mengi ya kusoma. Niandikie mstari mmoja tu, kwamba gia imefika Tabora. Nitamsomea mama yako, atadhani nimeshikwa na wazimu, nami nitaenda kwa miguu mpaka Chang'ombe nikamsomee fundi.

Baba yako